Meza Kwanza, Kitabu Baadaye

Kaunti zinapokaa kugawa fedha, maktaba za mtaa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa panga, na wanaolishika panga hilo hawaoni haya kwa sababu wanaamini wana hoja. Hoja yenyewe husemwa kwa sauti tatu. Ya kwanza ni ya watunza bajeti: watu hawaazimi tena vitabu, rafu zimejaa vumbi na ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, basi kwa nini tulipie jengo? Ya pili ni ya wapenzi wa teknolojia: kila mtu anatembea na maktaba mfukoni, na simu haifungwi saa kumi na moja jioni. Ya tatu inauma zaidi kwa kuwa inatoka kwa marafiki wa kitabu, waandishi na wahadhiri na hata baadhi ya wakutubi, wanaolalamika kwamba vijana wanaojaa humo hawasomi vitabu vya maktaba. Wanakuja na daftari zao, wanakariri noti za mtihani, wanaondoka bila kuigusa rafu. Maktaba imegeuka chumba cha kusomea tu. Sauti hizi tatu hazipatani kwa mengi, lakini zote zimesimama juu ya dhana moja: kwamba maktaba ni ghala la vitabu, na ghala lisilotoa mzigo limekufa. Naipinga dhana hiyo. Kitu kilicho adimu mtaani ni mahali pa kusomea, kuliko hata maandishi ya kusoma. Maktaba ndogo ya jirani ndiyo taasisi ya umma inayotoa mahali hapo bila kumbagua mtu, na kile kinachoitwa kuharibika kwake, huko kugeuka chumba cha kusomea, ndicho ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba inahitajika.

Tuitazame Nairobi, ambako jambo hili lina historia inayofuatika. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo zake za mawe na sanamu za simba, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, na kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake. Katazo hilo lina somo. Mwafrika aliyejua kusoma na mwenye senti mfukoni angeweza kununua kitabu au gazeti na kulisoma popote alipotaka. Alichonyimwa ni kiti, yaani haki ya kukaa katika chumba kizuri cha mji, kando ya wengine, akisoma bila kuulizwa anatafuta nini. Watawala walijua vizuri kwamba chumba cha kusomea ni mali, ndiyo maana wakakiwekea mlinzi. Halmashauri ya Jiji iliichukua maktaba hiyo mwaka 1962, na leo ina matawi mawili huko Eastlands, Kaloleni na Makadara, katikati ya makazi. Kaloleni yenyewe ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na vyumba vyake vilikuwa vidogo. Aliyechora ramani za nyumba hizo hakumfikiria msomaji. Tawi la maktaba pale mtaani ni sahihisho la kosa hilo la ramani, na kosa lenyewe bado lipo, kwa sababu nyumba za maskini wa Nairobi hazijaongezeka upana tangu wakati huo. Nyingi zimepungua.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni la mahali: mtoto wa Eastlands anasomea wapi saa moja jioni? Sensa ya 2019 iliikuta Mathare ikiwa na karibu watu 69,000 katika kila kilomita ya mraba. Takwimu hiyo ukiipeleka ndani ya nyumba inakuwa chumba kimoja ambacho ni jiko, sebule na malazi. Pazia ndilo ukuta, redio ya jirani inasikika neno kwa neno, na tokeni za stima zikiisha, jioni imekwisha. Meza, kama ipo, ina sufuria juu yake. Sasa mlinganishe mtoto huyo na mwenzake wa shule ya bweni. Kila jioni shule humwashia taa, humpa meza, humweka mwalimu wa zamu mlangoni na kumwambia akae kimya kwa saa mbili au zaidi. Wanafunzi wa Kenya hukiita kipindi hicho prepu, na hakuna mhasibu aliyewahi kusema ni ubadhirifu, wala anayeuliza mwanafunzi wa prepu ameazima vitabu vingapi. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, sekondari ya kutwa ikaondolewa karo mwaka 2008, na sera ya kila mhitimu wa darasa la nane kuingia kidato cha kwanza ikashika kasi mwaka 2018, Serikali ilizijaza shule za kutwa za mijini kwa watoto wasio na prepu. Tanzania ilipita njia iyo hiyo kwa shule za kata, kisha kwa kuondoa ada mwaka 2016. Nchi zote mbili ziliufungua mlango wa darasa na kusahau kwamba sehemu kubwa ya masomo hufanyika baada ya kengele ya mwisho. Maktaba ya mtaa ndiyo prepu ya mwanafunzi wa kutwa. Anayeifunga amemnyang'anya mtoto wa maskini kile ambacho mtoto wa bweni anapewa bila kuomba, halafu atawapima wote wawili kwa mtihani mmoja na kuyaita matokeo juhudi ya kila mtu.

Hapo ndipo lawama ya marafiki wa kitabu inapojikwaa. Wanapoona meza zimejaa na rafu hazijaguswa, wanasema maktaba imeshindwa. Ni sawa na kuipima zahanati kwa idadi ya vidonge vinavyobebwa kwenda nyumbani, huku akina mama waliojifungulia humo hawahesabiwi. Tena kipimo chenyewe cha kuazima kina upendeleo uliojificha. Kuazimisha kitabu kunachukulia kwamba msomaji ana mahali pa kukipeleka: kiti, taa, saa moja ya utulivu, na rafu ambayo mtoto mdogo hataifikia akakichana. Mji ambao wasomaji wake wana vitu hivyo utaonyesha takwimu nzuri za kuazima. Mji ambao wasomaji wake hawana utaonyesha takwimu mbaya, na mtunza bajeti atahitimisha kwamba maskini hawapendi kusoma. Hivyo kipimo kinampa alama za juu zaidi yule anayeihitaji maktaba kwa kiasi kidogo zaidi. Kuhusu dharau dhidi ya noti za mtihani, ni ajabu kuisikia kutoka kwa watu ambao vyeti vyao wenyewe vilitokana na kukariri noti za mtihani. Katika nchi ambazo karatasi moja inaamua nani aende chuo kikuu na nani aende kutafuta vibarua, kijana anayekesha juu ya noti anafanya jambo la busara kabisa. Tukitaka asome riwaya pia, basi kwanza tuhakikishe ana mahali pa kukaa. Wasomaji wa riwaya hutoka miongoni mwa watu waliozoea kukaa kimya na maandishi mbele yao, na mazoea hayo hayajali kama maandishi ya kwanza yalikuwa ya biolojia.

Twende kwa wenye simu, ambao hoja yao ina nguvu na lazima ijibiwe kwa haki. Ni kweli kwamba simu imeleta maandishi kwa wingi usiowahi kuonekana. Taasisi za mitaala za Kenya na Tanzania zimeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na mwanafunzi leo anaweza kufikia vitabu ambavyo tawi dogo lisingeweza kuvinunua kwa miaka kumi. Lakini hebu tuangalie nani anafikia nini. Sensa iyo hiyo ya 2019 ilikuta kwamba asilimia 47.3 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi, na asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Idadi hizo zimepanda tangu hapo, ila hata zikifika mia kwa mia, tatizo la msingi litabaki, kwa sababu simu inatoa maandishi bila kutoa mahali pa kuyasomea. Katika nyumba nyingi za mtaani simu yenye intaneti ni ya mzazi: inaondoka naye alfajiri, inabeba biashara na pesa zake, na inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo na bando lililokwisha. Hata anayeimiliki mwenyewe anasoma aya tatu, ujumbe unaingia, kisha tangazo la kamari linapita juu ya aya ya nne. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti ndani ya kifungu kimoja na kamari na leseni za vileo. Kamari haikuhitaji msaada wa kaunti. Ilijipenyeza hadi mfukoni mwa kila kijana. Maktaba haina uwezo huo wa kujipenyeza. Na kadiri maandishi yanavyohamia mtandaoni, ndivyo chumba chenye umeme, intaneti ya bure na utulivu kinavyozidi kuwa na thamani, maana vitabu hivyo vya mtandaoni navyo vinataka mtu aketi mahali fulani avisome.

Wapo wanaokubali kwamba mahali panahitajika, lakini wakasema pawe pamoja: maktaba moja kubwa, ya kisasa, yenye kompyuta mamia, katikati ya mji, badala ya vijitawi vinavyovuja paa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, imelea wasomi wengi, na hakuna anayetaka iondoke. Lakini mtoto wa miaka tisa wa Mbagala hawezi kuitumia kila siku baada ya shule, kama vile mwenzake wa Kaloleni asivyoweza kupanda matatu peke yake hadi maktaba ya taifa iliyoko Upper Hill. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa siku tano za juma, ni kodi anayotozwa msomaji maskini kwa kosa la kuishi mbali na mji. Maktaba ya jirani hufanya kazi kwa sababu mama anaweza kusema "nenda maktaba, nitakupitia jioni," na kwa sababu giza likiingia njia ya kurudi nyumbani inajulikana. Huduma ya Maktaba ya Kenya ilikiri ukweli huu ilipoanza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu huko Garissa mwaka 1996: msomaji asipoweza kuifikia maktaba, maktaba imfuate. Tanzania ilikuwa imekiri mapema zaidi. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliambatana na maktaba za vijijini, na kufikia mwaka 1986 nchi ilitangaza kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki asilimia 9.6. Kisha msukosuko wa uchumi ukaja, maktaba hizo zikafifia, na sensa ya 2002 ikaonyesha karibu theluthi ya watu wazima hawajui kusoma. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo karo na watoto kuacha shule, na itakuwa uzushi kuitwika maktaba mzigo wote. Hata hivyo tukio hilo linatuachia onyo: mtu akishafundishwa kusoma, anahitaji mahali karibu pa kuendelea kusoma, la sivyo ujuzi wake hufifia pamoja na huduma iliyokuwa ikiulea.

Pingamizi lingine linasema mtaa umejaa vyumba tayari: madarasa, makanisa, misikiti, kumbi za kijamii, saiba. Kwa nini tujenge kingine? Jibu linapatikana ukiuliza kila mlango unamtaka nani. Darasa linamtaka mwanafunzi wa shule hiyo, na likifungwa jioni limefungwa. Nyumba ya ibada inawapokea waumini kwa ukarimu, lakini haiwezi kujifanya ya kila mtu, wala hatupaswi kuitaka ifanye hivyo. Ukumbi wa kijamii una harusi leo na mkutano wa siasa kesho. Saiba inakuhesabia dakika; anayefikiri polepole analipa zaidi. Maktaba ndicho chumba ambacho mtu anaingia bila kuulizwa dini, chama, kabila wala shule, na anakaa kutwa nzima bila kununua soda. Palipowekwa ada ya kuingia, hata iwe ndogo, sifa hiyo imeanza kuliwa, na ndiyo maana Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inashikilia kwamba huduma hii iwe ya bure. Tena wanaoingia si wanafunzi peke yao. Anaingia mstaafu wa kusoma magazeti, mhitimu asiye na kazi anayeandika barua za maombi, mwenye duka anayetaka kuelewa fomu ya leseni, na kijana anayeukimbia ugomvi wa nyumbani. Katikati yao yuko mkutubi, ambaye sauti tatu zile humsahau. Yeye ndiye anayelinda utulivu, anayejua mtoto gani hajaonekana wiki hii, na anayemwonyesha anayesitasita mahali pa kuanzia. Chumba kisicho na mtu wa namna hiyo hutekwa haraka na wenye nguvu au wenye kelele.

Mpinzani makini atanibana hapa: kama mahali ndilo jambo kubwa, basi ondoeni vitabu, wekeni meza na taa, mpaite ukumbi wa masomo na muokoe fedha. Nakataa, na kukataa kwangu kunatokana na hoja ileile. Vitabu vinavyoizunguka meza ndivyo vinavyokifanya chumba kiwe cha kusomea. Vinamwambia kila anayeingia kazi inayofanyika humo, hivyo utulivu unakuwa desturi kabla haujawa amri. Pia vinafanya kazi ya polepole ambayo daftari la kuazima halioni. Mwanafunzi aliyechoka na hesabu anainua macho, ananyosha mkono, anasoma kurasa nne za kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyemwagiza, kisha anakirudisha. Kurasa hizo nne hazikuandikwa popote, lakini hazipatikani katika ukumbi mtupu, na katika simu mtu huonyeshwa kile ambacho mashine imekisia kwamba anakitaka tayari. Mtoto mdogo anayemsindikiza dada yake anakaa chini na kitabu cha picha, akijifunza kugeuza kurasa kabla hajajua herufi. Kinachopaswa kubadilika ni aina ya vitabu. Rafu zilizojaa misaada ya vitabu vya ng'ambo, vya miaka na mambo yasiyohusiana na mtaa, zinastahili lawama za watunza bajeti. Dawa yake ni kununua vya Kiswahili, vya watoto, vya afya, vya sheria na vya ufundi, vilivyoandikwa na kuchapishwa hapa, jambo ambalo pia lingewapa wachapishaji wetu soko lisilotegemea vitabu vya kiada peke yake.

Inabaki fedha, na hapo ndipo watu wenye nia njema hunyamazishwa: utajengaje maktaba wakati zahanati haina dawa? Swali hili lingekuwa zito kama maktaba ya mtaa ingekuwa ghali. Gharama zake kubwa za kila mwaka ni mishahara ya watu wachache, umeme, intaneti, usafi na vitabu vipya. Zahanati isiyo na dawa haikosi dawa kwa sababu ya mkutubi wa Makadara. Kinachoiua maktaba ni udogo wa fedha hizo pamoja na kukosa mshindo: mwanasiasa hukata utepe wa jengo, na hakuna utepe wa kukata wakati wa kulipia stima mwezi wa saba. Andrew Carnegie, ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, aliujua ugonjwa huu; kwa kawaida mji uliotaka jengo ulipaswa kuahidi kwanza kutoa kila mwaka asilimia 10 ya gharama za ujenzi kwa uendeshaji. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walioanzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, wakakubaliana na Kaunti ya Nairobi kuikarabati McMillan pamoja na matawi yake, wameonyesha kwamba majengo yaliyochakaa ya Kaloleni na Makadara yanaweza kurudishiwa hadhi. Lakini wahisani wanaweza kukarabati. Kuendesha ni wajibu wa kaunti, na mvutano wa miaka mingi kati ya Serikali Kuu na kaunti kuhusu nani alipie maktaba zilizogatuliwa umewaacha wasomaji katikati. Wanaosema hata Ulaya inafunga maktaba wana habari nusu. Uingereza ilifunga mamia baada ya 2010 kwa sababu ruzuku za serikali za mitaa zilikatwa. Kisha, katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, bei ya nishati ilipopanda, maktaba nyingi zilizosalia zilitangazwa kuwa mahali ambapo watu wasioweza kupasha nyumba zao joto wangekaa bure. Hata katika nchi yenye vitabu na intaneti kila kona, chumba ndicho kilichogunduliwa kuwa hakina mbadala.

Kutokana na hayo yote, yanayotakiwa ni machache na yanatekelezeka. Kaunti na halmashauri zihesabu watu walioketi na saa walizokaa, pamoja na vitabu vilivyoazimwa. Saa za kufungua zifuate maisha ya wasomaji: maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni na kulala mwisho wa juma imepangwa kwa ratiba ya mfanyakazi wake, si ya mwanafunzi wa kutwa. Fungu la uendeshaji liandikwe katika bajeti kabla ya jengo jipya kuidhinishwa, na kila wadi yenye msongamano iwe na chumba kimoja cha namna hiyo kabla mji haujajenga jumba la pili la fahari. Anayepinga haya ana deni la jibu moja. Aonyeshe mahali pengine ambapo mtoto wa chumba kimoja ataketi leo jioni, bila malipo, kwenye mwanga, karibu na kwao. Akipaonyesha, tutafunga maktaba na kuhamia huko. Akishindwa, asituambie tena kwamba maktaba ya mtaa imekufa, wakati anayoyaona ni meza zilizojaa.